Uhusiano na Mgonjwa

Fomu inauliza: uhusiano na mgonjwa.
Mume. Mama. Dada. Mwingine.
Natia vema kwenye Mwingine,
na neno "mgonjwa" nalikata kwa mstari mwembamba,
karani asiuone.
Ovilu haumwi. Ovilu ana uchungu.

Wamemleta Winnipeg kwa ndege, wiki tano kabla ya siku zake,
kwa kuwa kwao, kaskazini, theluji ndiyo barabara
na chumba cha upasuaji kiko mbali.
Wiki tano bwenini, nyuma ya pazia la kahawia,
akihesabu magari, akila mkate laini,
akiota samaki mbichi aliyegandishwa,
mwenye ladha ya chuma na ziwa.
Mumewe yumo kwenye simu; sauti inakatikakatika
kama ya mtu anayetafuna barafu.

Mimi si mkunga. Sipimi, sidungi sindano,
sijui jina la Kilatini la kitu chochote.
Miaka kumi na moja nilifua mashuka ya hospitali hii,
ghorofa ya chini, kwenye mvuke,
nikausoma uzazi humo kama wengine wasomavyo gazeti:
shuka hili lilifumbatwa ngumini,
hili liling'atwa pindo,
na hili halina hata kunyanzi,
yaani mwenyewe alilala chali, kimya,
akiogopa kusumbua watu.
Hilo ndilo lililonipandisha ngazi.

Saa saba usiku.
Namwekea ngumi mbili kiunoni, nasukuma.
"Chini kidogo," anasema. Chini kidogo.
Ndiyo elimu yangu yote:
chini kidogo, juu kidogo, hapo hapo, usitoe.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri
na kioo cha dirisha kimeota manyoya.
Namnywesha maji kwa mrija.
Namsokota nywele zisimwingie mdomoni.
Daktari kijana anaingia na sentensi ndefu;
naikata vipande vitatu, nampa Ovilu,
cha mwisho kikiwa swali:
wataka, hutaki, au tungoje?
Anasema tungoje.
Daktari anatazama saa.
Tunangoja.

Saa kumi anasema hawezi.
Sikumwambia anaweza. Nani kaniambia mimi?
Nilisema, "Nipo."
Akatukana kwa lugha yake, tusi refu, limejaa k za kooni;
nikalirudia, nikalivunjavunja,
akacheka,
na katikati ya kicheko mwili ukaitikia hodi
tuliyokuwa tukiipiga tangu jana.

Kuna wanaosema mimi nazalisha.
Mimi sikumfungua mtu. Alijifungua.
Nilishika ncha ya kamba tu,
ajue kwamba upande wa pili kuna mkono.

Mtoto ni wa kike.
Ovilu akamtazama kwa muda, bila haraka,
kama mtu anayefananisha sura na picha,
kisha akamsalimu: "Mama."
Kampa jina la mamaye, aliyefariki
kabla maziwa hayajaganda.
Simu ikasogezwa kwenye kinywa kile kidogo
na huko kaskazini mwanamume mzima akalia,
akimwamkia bintiye, "Mkwe wangu, umefika?"

Saa mbili kasoro natoka.
Vidole vyangu havikunjiki.
Kwenye lifti nakuta toroli la mashuka,
Rodelio analisukuma, mwenzangu wa zamani wa mvuke.
Hatusalimiani kwa maneno mengi.
Natia mkono kwenye furushi, navuta moja:
lina doa la juisi ya tufaha,
pindo limetafunwa pembe zote mbili,
na katikati limekunjamana kama uso wa kizee anayecheka.

"Hili," namwambia,
"usilitie dawa kali."

Basi la kwanza halijafika.
Nasimama kwenye baridi, mikono kwapani,
nikijifunza upya lile tusi,
k baada ya k.